Gemu za treni za zamani zikirudi dukani, unalipia nini hasa?

Mpwa wangu anasoma Maseno lakini amepanga chumba Kondele, Kisumu. Juzi usiku alinitumia picha ya skrini ya simu yake: Railroad Tycoon 3, gemu ya treni iliyotoka mwaka 2003, ikiuzwa kwenye duka la mtandaoni kama bidhaa yoyote mpya. Chini yake aliandika, "Mjomba, hii kitu ilitoka kabla sijazaliwa. Kweli nitoe pesa ya samaki na ugali wa watu wawili ninunue gemu ya zamani hivi?"

Nilitaka kumjibu "nunua" kisha nilale. Halafu nikakumbuka kwamba mwezi uliopita rafiki yangu wa hapa Nakuru aliniuliza swali kama hilo kuhusu Transport Tycoon, nami nikamwambia asitoe hata shilingi moja. Majibu yote mawili ni ya kweli, na mtu akiyasikia pamoja ataona najipinga. Basi nimeona heri nieleze taratibu, maana gemu za zamani zinazorudishwa sokoni zinaongezeka, na wanaoulizia ni wengi kuliko mpwa wangu.

Kwanza tutenganishe aina mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna gemu za kuendesha, ambapo wewe ni dereva. Vijana wengi hapa wanaijua Bus Simulator Indonesia ya simu, ile ambayo Wakenya wameipaka rangi za matatu na mabasi yetu. Upande wa treni kulikuwa na Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Na kuna gemu za kupanga, ambapo wewe ni mwenye kampuni: unachagua reli ipite wapi, stesheni ijengwe wapi, treni ibebe nini, na mkopo ulipwe lini. Transport Tycoon na Railroad Tycoon ni za aina hii ya pili.

Aina hizi mbili hazizeeki sawa. Gemu ya kuendesha inakuuzia hali ya kuwa pale, kwenye kiti cha dereva, na hali hiyo hutegemea picha. Ile ya 2001 ilitushangaza wakati wake, lakini ukiifungua leo miti yake ni kama mbao bapa zilizosimamishwa kando ya reli. Gemu ya kupanga inakuuzia kanuni. Mzee anayecheza bao la ajua chini ya mti kule Ahero haulizi kama mashimo ya ubao wake yamepitwa na wakati. Anahesabu kete. Ikiwa kanuni za mchezo ni nzuri, miaka thelathini haizigusi, na ikiwa picha zake zilichorwa kwa mkono zikiwa ndogo na safi, kama zile ambazo Simon Foster alichora kwa ajili ya Transport Tycoon, nazo hubaki zikipendeza.

Kwa hiyo wanaosema gemu ya zamani haifai kwa sababu ni ya zamani, kwa aina hii ya gemu wanakosea. Kinachozeeka hapa ni vitu vingine, navyo ndivyo vya kuangalia kabla ya kulipa.

Niseme pia kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu. Ninaishi Nakuru, na kutoka hapa reli ya zamani hugawanyika. Moja inapanda Njoro, Elburgon na Molo, inavuka Mau Summit kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, kisha inateremka Londiani, Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu, kama kilomita 217 kwa jumla. Nyingine inashika njia ya Timboroa na Eldoret, inapita Webuye na Bungoma mpaka Malaba. Hiyo ya Kisumu ndiyo ya kwanza: ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kugusa Ziwa Victoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Mtoto aliyekulia hapa hujua bila kufundishwa kwamba reli haipiti popote inapotaka. Inatafuta bonde, inazunguka kilima, inakwepa gharama. Nilipoiona Transport Tycoon kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya saiba, sikuhitaji maelezo. Ilikuwa kama mtu amechukua njia panda ya Nakuru akaiweka ndani ya kioo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1990 Sid Meier na Bruce Shelley, wakiwa katika kampuni ya MicroProse ya Marekani, walitoa Railroad Tycoon ya kwanza. Miaka minne baadaye kampuni hiyo hiyo ikatoa Transport Tycoon, kazi ya Mskoti mmoja, Chris Sawyer, aliyeandika programu karibu peke yake. Mwaka 1995 ikaja Transport Tycoon Deluxe, ambayo ndiyo wengi huikumbuka. Upande wa pili, kampuni ya PopTop ilitoa Railroad Tycoon II mwaka 1998 na ya tatu mwaka 2003. Sawyer akarudi na Locomotion mwaka 2004, katikati akiwa ametengeneza RollerCoaster Tycoon, iliyompa umaarufu mkubwa zaidi.

Katikati ya miaka hiyo kampuni zilinunuana. MicroProse iliingia mikononi mwa Hasbro mwaka 1998, na baadaye Hasbro ikauza tawi lake la gemu kwa Infogrames ya Ufaransa. Nayataja haya kwa sababu gemu nyingi za zamani hupotea sokoni hivi: hazikosi wapenzi, ila haki zake zimehamahama mpaka inakuwa kazi kujua nani wa kutia saini. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena popote. Gemu ya zamani ikionekana dukani, kuna mtu aliyekaa na mafaili ya mikataba mpaka ikawezekana. Hiyo nayo ni kazi, na sehemu ya bei inailipia.

Sasa tuje kwenye kuzeeka kwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua CD ya gemu ya treni kwenye kibanda kimoja mjini, halisi, na kijitabu chake ndani. Nilifika nyumbani nikaiingiza kwenye laptopu. Haikufunguka. Nikadhani diski imekwaruzwa, nikairudisha, muuzaji akaijaribu kwenye kompyuta yake kuukuu, ikafunguka vizuri mbele ya macho yangu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na usiku ule ndipo nilipoanza kusoma kwa nini.

Sababu zilikuwa mbili, na zote huwapata watu mpaka leo. Ya kwanza ni kisakinishi. Gemu nyingi za miaka ya tisini zilikuwa na programu ya kusakinisha iliyoandikwa kwa mtindo wa biti 16, na Windows za biti 64, ambazo karibu kila laptopu ya sasa inazo, haziutambui mtindo huo kabisa. Gemu yenyewe ingeweza kufanya kazi, lakini mlango wake haufunguki. Ya pili ni ulinzi dhidi ya kunakili. Diski nyingi za kuanzia mwisho wa miaka ya tisini zilitumia mfumo ulioitwa SafeDisc, uliojichimbia ndani ya Windows ili kuhakikisha diski ni halisi. Mfumo huo ulikuwa na kasoro ya usalama, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 Microsoft hawakuuruhusu tena. Kwa hiyo mtu aliyenunua diski halali alifungiwa nje na kufuli lililowekwa kumzuia mwizi.

Kuna la tatu, la ndani zaidi, linalomhusu Sawyer hasa. Yeye aliandika gemu zake kwa assembly, lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe. Kila agizo linaiambia prosesa ya aina moja ifanye kitu kimoja. Ndiyo maana Transport Tycoon iliweza kuendesha miji, viwanda na makumi ya treni kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Gharama yake ni kwamba programu ya namna hiyo haihamishiki. Prosesa ya simu haizungumzi lugha ya prosesa ya kompyuta ya mezani, hivyo Transport Tycoon ilipoletwa kwenye simu mwaka 2013, na RollerCoaster Tycoon Classic mwaka 2016, ilibidi kazi ifanywe upya, mstari kwa mstari.

Ukishayaelewa hayo matatu utaona kwamba maneno "imetolewa upya" yanaficha vitu tofauti sana.

Mara nyingine duka limechukua gemu ileile ya zamani, likaifunga pamoja na DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya miaka ya tisini ndani ya kompyuta yako. DOSBox ni ya bure na iko tangu mwaka 2002. Hapo unalipia haki na usumbufu ulioondolewa: huhangaiki na mipangilio, unabofya tu. Gemu iliyofungwa hivyo haijabadilika hata chembe. Picha itabaki pikseli 640 kwa 480 ikivutwa ijaze kioo, vitufe vitakuwa vidogo, na makosa ya mwaka 1995 yatakuwemo yote. Mara nyingine duka limeondoa lile kufuli la diski na kurekebisha kidogo ili gemu ielewane na Windows mpya. Duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, lilijijengea jina kwa kazi hii. Na mara chache, kama hizo za simu, kuna watu walioketi wakaijenga tena. Bei zinaweza kukaribiana, kazi iliyofanywa ikatofautiana kama baiskeli iliyopigwa rangi na iliyobadilishiwa mnyororo. Soma maelezo ya dukani uone wamefanya lipi. Wakinyamaza, chukulia kwamba wamepiga rangi.

Halafu kuna upande ambao duka halikuambii, nao ndio uliomfanya rafiki yangu aokoe pesa zake.

Mwaka 2004 Msweden Ludvig Strigeus alitoa programu aliyoiita OpenTTD. Alikuwa ameifungua Transport Tycoon Deluxe, akaichunguza agizo kwa agizo, akaiandika tena kwa lugha inayohamishika. Kisha akaiweka hadharani iwe programu huria, mtu yeyote airekebishe. Mwanzoni ulihitaji faili za picha na sauti za gemu halisi ndipo ifanye kazi. Wapenzi wake wakaketi wakachora picha zao, wakarekodi sauti zao, wakatunga muziki wao, na toleo la 1.0 lilipotoka mwaka 2010 halikuhitaji tena kitu chochote cha zamani. Unaipakua bure kwenye tovuti yao, na haifiki hata megabaiti 100.

Tofauti yake na ile ya awali ni kubwa mno. Ramani ya zamani ilikuwa na miraba 256 kwa 256; hii inafika 4096 kwa 4096. Ishara za reli za zamani zilikuwa butu, treni mbili zikikutana kwenye njia panda yenye shughuli nyingi zinasimama zikitazamana mpaka uje uzitenganishe. Hizi mpya zinaielewa njia ambayo kila treni itapita na kuihifadhi, kama polisi wa trafiki anayeona barabara yote. Na tangu mwaka 2014 unaweza kuwasha kanuni inayompa kila abiria mahali anakokwenda. Awali abiria walishuka popote ulipowatupa wakaridhika.

Lakini kilichonifunga mimi ni milima. OpenTTD hukuruhusu kuingiza picha ya miinuko: picha ya rangi ya kijivu ambapo peupe ni juu na peusi ni chini, nayo inaigeuza kuwa nchi. Nilitengeneza yangu, kuanzia Menengai hadi ukingo wa ziwa. Katika gemu ya mwaka 1995 miinuko ilikuwa na ngazi 15 tu, na kwa ngazi 15 huwezi kuiweka Mau. Inakuwa kichuguu. OpenTTD tangu mwaka 2015 ina ngazi 255. Basi nikaweka Nakuru chini kwenye bonde, Mau Summit juu, Kisumu chini kabisa kwenye maji, nikajaribu kujenga reli ya moja kwa moja kama kijana mwenye haraka. Treni yangu ya kwanza yenye mabehewa kumi ilipanda Elburgon ikitambaa hatua kwa hatua. Nilibomoa, nikazunguka, nikafuata mabonde, nikabomoa tena. Baada ya jioni nne hivi nilitazama nilichojenga nikakilinganisha na ramani ya kweli, na reli yangu ilikuwa imejikunja karibu pale pale wahandisi wa mwaka 1900 walipoikunja. Sikuwa nimeiga. Mlima ndio ulionielekeza. Sijui kitabu cha jiografia kilichowahi kunifundisha hivyo.

Kwa ile gemu basi, ya Transport Tycoon, toleo huria limeipita ya awali kwa kila kitu ila kumbukumbu za utotoni. Mtu akitaka muziki ule wa John Broomhall na picha zile zile kamili, ana sababu ya kuitafuta ya awali. Akitaka kucheza, ya bure inamtosha.

Hapa ndipo watu huruka na kusema: basi kila gemu ya zamani ina ya bure, kununua ni ujinga. La. OpenLoco inaifanyia Locomotion kazi kama ile ya OpenTTD, na OpenRCT2 inaifanyia RollerCoaster Tycoon 2, lakini zote mbili bado zinahitaji faili za gemu halisi. Injini ni ya bure, mabehewa ni ya kununua. Ukinunua Locomotion leo, toleo la dukani huenda usilifungue hata mara mbili. Utaionyesha OpenLoco folda yake, na kuanzia hapo utacheza kwenye kioo kizima bila kukodolea macho herufi ndogo. Umelipia picha, sauti, na haki ya kuzitumia bila kuiba. Mimi naona ni pesa halali kabisa, mradi ujue unachonunua.

Treni za kuendesha zina mfano wake pia. Ile Microsoft Train Simulator ina programu huria, Open Rails, inayosoma njia na treni zilizotengenezewa gemu hiyo na kuzionyesha vizuri kuliko gemu yenyewe ilivyowahi kufanya.

Na sasa Railroad Tycoon 3, ya mpwa wangu. Hii haina OpenTTD yake. Na ina kitu kimoja ambacho nimekitafuta kwenye gemu mpya nyingi nikakikosa.

Katika Transport Tycoon malipo hutegemea mambo manne: umebeba nini, kiasi gani, umekwenda umbali gani, na umechukua siku ngapi. Uhitaji wa anayepokea haumo. Kwenye ramani zake za nchi za joto kuna mahindi, na kiwanda kinachoyageuza kuwa chakula. Ukiyatoa shambani ukayapeleka kiwanda kilicho jirani, unapata vijisenti. Ukiyapitisha mbele ya kiwanda hicho ukaenda nayo nchi nzima mpaka kiwanda cha mwisho, unatajirika. Tuiweke huku kwetu: ni kama mahindi ya Kitale kupitishwa Eldoret, Nakuru na Nairobi bila kushushwa, eti kwa sababu Mombasa ni mbali zaidi, na mnunuzi wa Mombasa alipe vizuri hata kama ghala lake limejaa hadi paa. Ni kanuni inayofurahisha kuichezea, lakini hakuna mwenye lori hapa anayeishi hivyo.

Railroad Tycoon 3 inafikiri kama mwenye lori. Kila bidhaa ina bei yake kila mahali kwenye ramani, na bei hiyo hupanda penye uhaba na kushuka penye wingi. Unalipwa tofauti ya bei kati ya ulikotoa na unakopeleka. Ukijaza mji mmoja nafaka, bei pale inaanguka, na safari ya kesho haina faida. Na jambo zuri kuliko yote: bidhaa hazikusubiri. Hata kabla hujajenga reli, mzigo unasogea wenyewe polepole juu ya nchi, haraka zaidi kwenye mito, kuelekea kwenye bei nzuri, kana kwamba kuna watu wenye punda na mikokoteni ambao gemu haijawachora. Reli yako haiumbi biashara. Inaikuta ikitembea kwa miguu, inaipandisha garini.

Kwa mtu wa Kisumu hilo halina haja ya kufafanuliwa. Amewaona akina mama wakipanga samaki na mboga katika soko la Kibuye na kujua kabla ya saa mbili asubuhi kama bidhaa imeshuka bei kwa sababu malori mawili yamefika pamoja. Kanuni hiyo iko ndani ya gemu ya mwaka 2003, na unaweza kuitazama ikifanya kazi: unafungua ramani ya bei, unaona rangi zikibadilika kutoka mji hadi mji, unaijenga reli yako kwenye mteremko wa bei kama vile wengine wanavyoijenga kwenye mteremko wa nchi. Nikiwa mwalimu wa uchumi wa sekondari ningeomba kompyuta moja tu darasani kwa ajili yake.

Ina kasoro, sizifichi. Ni ya miaka ya mwanzo ya gemu za kupanga zenye picha zinazozunguka pande zote, na picha za aina hiyo zimezeeka vibaya kuliko zile zilizochorwa za mwaka 1994. Haikuachii upange ishara za reli, kwa hiyo mwenye kupenda njia panda ngumu ataona imempunguzia utamu. Kwenye kioo kipana huenda ukahitaji kuchezea mipangilio kabla haijakaa sawa. Railroad Tycoon II, kakaake, haina ile ramani ya bei inayotembea, ila ina soko la hisa kali kweli: unaweza kumnunua mpinzani wako kidogo kidogo mpaka siku moja anaamka kampuni si yake. Picha zake za pande mbili zimetunza sura. Hiyo pia ningeinunua.

Tuje kwenye pesa. Maduka haya makubwa, Steam na GOG, hayana bei ya shilingi. Unalipa kwa dola. Gemu nyingi za rika hili huwa chini ya dola 10, na wakati wa punguzo hushuka sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua siku ya kwanza uliyoiona. Zamani kikwazo kilikuwa kadi. Tangu mwaka 2022 unaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa yenyewe, na mpwa wangu alilipa hivyo akiwa kitandani. Ukinunua Steam unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. GOG wanakupa siku 30. Kwa gemu ya zamani sera hii ni muhimu kuliko punguzo lolote, maana ndiyo njia pekee ya kujua kama itafunguka kwenye mashine yako. Ifungue siku hiyo hiyo uliyoilipia. Usiiweke mpaka likizo.

Laptopu nyingi wanazotumia wanafunzi Nakuru na Kisumu ni zile za ofisi za Ulaya zilizotumika, imara, zisizo na kadi ya picha ya maana. Gemu mpya za usafiri zinazimaliza nguvu, na zinataka makumi ya gigabaiti ya bando. Hizi za zamani zilitoshea kwenye CD. Zinacheza bila feni kupiga kelele, na stima ikipotea betri inakupeleka mbali. Hili peke yake linazipa thamani hapa ambayo mtu wa London mwenye kompyuta ya bei mbaya huenda asiifikirie.

Nikiwa na uhuru wa kuchagua duka, nachagua GOG kwa gemu za namna hii, hata ikizidi kwa dola moja. Steam wanakupa leseni iliyofungwa kwenye akaunti. GOG wanakupa kisakinishi kamili unachoweza kukipakua na kukiweka kwenye flashi, na hakikuulizi intaneti tena. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya muuzaji akiwa na diski halali isiyofunguka anajua kwa nini ninalishikilia hilo.

Mpwa wangu alinunua. Jumapili alinipigia simu akilalamika kwamba ameunganisha miji mitatu, amepeleka nafaka miaka miwili mfululizo, na sasa treni zake zinarudi tupu na faida imekauka. Nikamwambia afungue ramani ya bei aangalie mji wa mwisho una rangi gani. Kimya. Halafu nikasikia, "Ala! Mjomba, nimewajaza mpaka hawataki tena." Akakata simu akajenge tawi la pili.